Chupa Zilizobaki Zimejaa

Muyinga, 11 Februari 2024

Kwako mwanangu Bonifasi,

Niwie radhi kwa ukimya wangu tangu Noeli. Ujumbe wako wa simu niliupata wote, lakini simu yangu ni ya kupokea habari za misiba. Mambo mazito hujibiwa kwa kalamu, na kalamu ilinishinda kwa sababu nilikuwa na hasira nawe. Sasa imepungua. Hujambo? Kifua chako kinaendeleaje na baridi ya Gitega? Christina na watoto hawajambo? Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto. Léonard, jirani yetu, anakusalimu.

Unasema umeacha duka la vifaa vya ujenzi, kwamba sasa unanunua viwanja na nyumba ili uviuze, na kwamba dalali mmoja, Crispin, ndiye anayekutafutia. Sikukatazi. Mtu mzima huchagua kazi yake. Ila nitakuuliza kama nilivyokuuliza ulipokuwa mtoto darasani kwangu kule kambini Ulyankulu, Tanzania, nawe unijibu kila swali kwa sentensi kamili. Je, Crispin analipwa na nani, wewe au muuzaji? Je, huwa unamwona muuzaji uso kwa uso? Na majirani, je, huwa wanakunywa?

Swali la mwisho ndilo kubwa.

Barua hii nampa Akilimali, muuza vitenge, anayekuja sokoni kwetu kutoka huko kwenu.

Shangazi yako,
Josefina


Gitega, 3 Machi 2024

Shangazi mpendwa, shikamoo.

Barua yako imenifurahisha na kunitisha kidogo, kama zamani. Kifua kimepona. Christina na watoto ni wazima. Goti lako ulikande kwa maji ya moto, usione uvivu.

Najibu kwa sentensi kamili. Crispin analipwa na mimi, na analipwa na muuzaji pia; hapa tunawaita makomisioneri, na wote hufanya hivyo. Tangu Gitega iwe mji mkuu watu wanagombea nyumba, na yeye hujua kinachouzwa kabla mwenye nyumba hajamwambia mkewe. Kiwanja changu cha kwanza, njia ya Bukirasazi, nilikiuza hata sijakifyeka. Sasa nimenunua nyumba hapa mtaa wa Musinzira, ina geti la buluu na mparachichi uani. Mwenyewe yuko nje ya nchi siku nyingi. Aliyetuuzia ni mpwa wake.

Kuhusu majirani, nilinunua bia kama desturi inavyotaka. Walikuja wote, wakakaa uani, wakanipongeza. Kila mmoja alipokea chupa yake, ikafunguliwa, akaiweka chini ya kiti. Tukazungumza habari za mvua. Walipoondoka, chupa zilikuwa zimejaa. Nilimwuliza Mama Imelda, wa nyumba ya pili, kama hapendi bia. Akasema, "Naipenda sana, mwanangu. Leo sina kiu."

Crispin alicheka mpaka akashika ukuta. Alisema watu wa mjini siku hizi wanaogopa kisukari. Akazimwaga zote chini ya mparachichi, maana bia iliyofunguliwa haikai.

Mwanao,
Boni


Muyinga, 24 Machi 2024

Kwako Boni,

Natumaini nyote ni wazima. Maji ya moto yamesaidia. Umenijibu vizuri, na ningefurahi kama ungekuwa umekosea.

Tuliporudi kutoka Tanzania, tulimkuta mama yake Léonard katika shamba la baba yangu. Hakuliiba, alipewa na serikali, nasi tulikuwa tumekimbia. Ulikuwapo siku tulipogawana nusu kwa nusu. Ulimwona akitoka na chungu cha pombe ya ndizi, akavuta mrija wa kwanza mbele ya kilima kizima huku machozi yakimtoka. Tangu siku hiyo hakuna aliyewahi kuuliza mpaka wetu uko wapi. Aliyekunywa ameona, amekubali, na atalisema hilo mpaka afe. Asiyekunywa hakuona kitu. Mwenye nyumba hiyo akirudi, majirani zako hawatahitaji kukusengenya. Watamwambia tu kwamba hawakunywa.

Mrudishie Crispin nyumba hiyo. Na usimtajie habari za Muyinga, hata kwa mzaha.

Shangazi yako,
Josefina


Gitega, 14 Julai 2024

Shangazi, shikamoo.

Nisamehe kwa kuchelewa. Sijambo, usingizi tu ndio haba. Maharagwe yalitoka vizuri?

Ninakaa katika nyumba ya geti la buluu, peke yangu. Christina alikataa kuhamia. Yuko na watoto kule tulikopanga. Crispin alisema nyumba tupu huleta maneno. Majirani si wabaya. Wananisalimu, wananiuliza habari za kifua. Ila hakuna anayevuka geti. Na kila Jumamosi Mama Imelda huja na ufagio wake akafagia mbele ya geti langu, polepole, mpaka jani la mwisho. Nilimshukuru. Akaniambia, "Sifagii kwa ajili yako. Nafagia kwa ajili ya mwenyewe." Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayetaja siku ya soko.

Usihangaike. Nyumba nimeshaiuza kwa mtu mwingine, na fedha zake nimeshaziweka katika kiwanja njia ya Ryansoro. Mnunuzi huyo simjui sana. Huja na gari, hushusha kioo kidogo, hulitazama geti, kisha huondoka. Crispin anasema ndivyo walivyo matajiri. Nitamkabidhi funguo nyaraka zikikamilika.

Muyinga nilikuwa nimeshaitaja kabla barua yako haijafika. Nilisema tu kwamba tuna shamba, na kwamba ni letu wawili.

Mwanao,
Boni


Muyinga, 1 Septemba 2024

Kwako Boni,

Hujambo? Umeanza kulala? Huku tu wazima, kwa sasa.

Crispin alikuja. Alifika mchana na mfuko wa sukari, viatu vyake safi ijapokuwa njia yetu unaijua ilivyo na vumbi. Shikamoo yake ilikuwa nzuri kuliko yako. Alikula maharagwe yangu, akaomba aongezewe, nami nikamtazama kama nilivyokuwa nikimtazama mwanafunzi aliyejua jibu kabla sijauliza swali.

Hakuuliza habari za udongo wala za maji. Aliuliza umri wangu. Aliuliza ninatumia dawa gani. Aliuliza kama nina mtoto mwingine, hapa au Tanzania, na nilipomjibu kwamba nina wewe tu niliyekulea, alitikisa kichwa taratibu kama mtu anayesikiliza mahubiri mazuri. Kisha akatembea shambani bila kuongozwa. Alipofika kwenye kaburi la baba yako Yakobo alilizunguka kwa heshima. Boni, msalaba wa kaburi lile ulioza zamani, na nyasi zimelifunika. Mgeni angelikanyaga. Yeye alijua lilipo.

Alipoaga alinishika mkono akasema, "Mama, shamba kubwa namna hii halifai kumchosha mtu mzee."

Nilibaki mlangoni mpaka gari lake lilipopinda. Nilidhani kazi ya mtu huyu ni kutafuta viwanja. Sivyo. Anatafuta wazee waliobaki peke yao na watu walio mbali na kwao. Viwanja huja vyenyewe baada ya hapo.

Umemwahidi nini? Nijibu kwa sentensi kamili.

Shangazi yako,
Josefina


Gitega, 29 Septemba 2024

Shangazi,

Mwenye nyumba amerudi. Alishuka na masanduku yake mbele ya geti, na Mama Imelda alikuwa ameshafagia. Majirani wote walitoka. Hakunitukana. Aliwauliza tu, mimi nikiwa nimesimama pale, kama walikunywa. Wakamjibu. Nikaenda kutoa nguo zangu. Yule mpwa hapatikani, na mwenye nyumba anasema hana mpwa.

Mnunuzi wangu hataki kurudishiwa fedha, na kusema kweli sinazo. Kiwanja cha njia ya Ryansoro nacho kina maneno. Anataka ardhi. Ameshuka garini kwa mara ya kwanza. Ni mtu mpole, anazungumza kwa sauti ya chini, na anajua shule wanayosoma watoto wangu. Aliitaja katikati ya mazungumzo mengine, akasema ni shule nzuri.

Crispin amepata njia. Shamba la Muyinga litamtosha mtu huyo. Mimi, kwa upande wangu, nimeshatia sahihi. Kimebaki kinywa chako. Watakuja Jumamosi, tarehe 12 Oktoba, na pombe watainunua wao huko huko.

Nakuomba, Shangazi. Mvuto mmoja tu wa mrija.

Bonifasi


Muyinga, 8 Oktoba 2024

Kwako Boni,

Safari hii hukuniuliza hali, kwa hiyo nakuuliza mimi. Umekula? Christina anajua? Watoto wasiende shule wiki hii. Wapandishe basi pamoja na mama yao, waje kwangu kabla ya Jumamosi, vitanda vipo. Leo ni Jumanne, na unajua mimi huandika Jumapili. Akilimali amekubali kuondoka mapema kwa ajili ya barua hii.

Jana Léonard alikuja. Alikuwa amealikwa kunywa pombe shambani kwangu na watu asiowajua, wala hakuambiwa kinachouzwa. Kilima kizima kimealikwa vivyo hivyo. Nikamweleza yote. Aliisukuma chai yake kando, akasema, "Mama yangu alikunywa akilia ili wewe ukae hapa, Josefina. Jumamosi nitautazama mdomo wako. Ukinywa, nitakunywa. Usipokunywa, chungu kitabaki kimejaa."

Na wengine nao watamtazama Léonard.

Nikinywa, baba yako atalala katika shamba la mtu anayeshusha kioo kidogo, nami nitafungasha vyombo vyangu kama nilivyofungasha nikiwa msichana, safari hii bila kufukuzwa na vita. Nisipokunywa, mtu huyo anaijua shule ya watoto. Hasira yangu imekwisha, Boni, na haikuniachia jibu lolote. Nimelala na swali hili, nimeamka nalo, nimekwenda nalo kanisani, na bado liko vile vile.

Jambo moja tu ninalijua. Sitapokea mrija kutoka mkononi mwa Crispin. Utanipa wewe mwenyewe, mbele ya majirani, karibu na baba yako, na utakuwa unanitazama machoni. Ukija, utaona mwenyewe nitakalofanya. Usipokuja, nitakuandikia nililofanya.

Shangazi yako,
Josefina