Harusi Sita Kabla ya Majilio

Jumatatu, 8 Septemba

Naosha viti vyangu vya kukodisha tangu asubuhi. Harusi ya Kihonda imevirudisha na mafuta ya pilau na keki iliyokaliwa. Watu wazima hao. Mgongo unauma. Limebaki turubai moja, nitalisugua kesho, halina pa kwenda.

Winfrida, mdogo wangu, amekuja na mafunzo yake ya biashara. Kaniuliza lengo langu la kujitangaza ni nini. Nikasema nataka wateja wengi. Akasema hilo si lengo, hiyo ni sala. Wateja gani, wangapi, mpaka lini?

Amenikera. Lakini amesema kweli.

Jumanne, 9 Septemba

Tumeafikiana. Harusi sita mpya kabla ya Majilio, maana Majilio yakiingia kwetu Wakatoliki ndoa zinasimama. Kila anayepiga simu aulizwe ametusikia wapi, ili tujue tangazo lipi linafanya kazi. Misiba haimo. Viti vya msiba wa jirani natoa bure tangu mwanzo, na sitaki kuvichanganya na malengo ya mtu.

Winfrida anataka kila kiti kijitangaze chenyewe. Sawa.

Ijumaa, 12 Septemba

Fundi wa maandishi amemaliza. Viti vyote, mgongoni, kwa rangi nyekundu: FURAHA YAKO NDIYO KAZI YETU. Chini yake namba ya simu. Nimezunguka uani nikivikagua kama mama mkwe jikoni kwa mkamwana. Vimependeza.

Jumatatu, 15 Septemba

Baba Deo amefariki alfajiri. Presha. Mume wa Mama Deo, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta hapa Bigwa. Nilipoanza biashara hii ndiye aliyenifungia turubai la kwanza, na hakutaka hata soda.

Nililia, nikawaambia vijana wabebe viti vyote. Sikufikiri kingine. Nilipofika msibani wanaume walishakaa mistari kwa mistari, kila mmoja anatazama mgongo wa kiti cha mwenzake. Furaha yako ndiyo kazi yetu.

Nilitamani ardhi ipasuke. Winfrida akasema tuvifunike mashuka. Mashuka ya viti vyote hivyo yatoke wapi?

Watu wanasoma, kisha wanainamisha macho. Ndiyo mbaya zaidi.

Jumanne, 16 Septemba

Nimeshinda kwenye mikeka na wanawake wenzangu. Mama Deo amekaa tu, macho makavu, hali chakula, hasemi. Hajanitazama. Labda ni uchungu. Labda wameshamwambia.

Naogopa. Akiamini nimekuja kujitangaza kwenye msiba wa mumewe, nimempoteza. Hata harusi mia moja hazitamrudisha.

Jumatano, 17 Septemba

Mazishi. Watani wa ukoo wao wameshuka kutoka Mgeta. Hawana adabu, na msibani hakuna anayewadai adabu, kwa mila kazi yao ni kuwatania wafiwa na hata marehemu.

Mmoja, mama mnene mwenye sauti ya kengele, alibeba kiti mpaka mbele ya wafiwa, akakigeuza, akasoma maandishi kwa nguvu. Kisha akamgeukia marehemu. Akasema bahili huyu kafa makusudi, apate kukalia viti vya harusi bila kutoa mahari ya pili. Toeni faini, la sivyo hapa hazikwi mtu.

Nilifumba macho. Nikasikia kicheko. Kilikuwa cha Mama Deo. Alicheka mpaka khanga ikamdondoka, halafu kicheko kikageuka kilio, kilio kikubwa, cha kwanza tangu juzi. Tukamshika. Jioni alikunywa uji.

Alhamisi, 25 Septemba

Simu tatu za harusi wiki hii, na wote wameshakodi. Ulitusikia wapi? Msibani kwa Baba Deo. Kile kiti alichokibeba mtani. Wote watatu jibu moja.

Winfrida anashangilia, nusu ya lengo na Oktoba haijaingia. Mimi sina raha. Naona kama nimevuna kaburini. Na Bigwa hakuna siri, Mama Deo atasikia tu. Bora asikie kwangu.

Jumapili, 28 Septemba

Nimekwenda baada ya misa. Nilimkuta kibarazani anachambua mchele. Nikamwambia yote, lengo, maandishi, simu tatu. Sikuremba.

Vidole vyake vikaendelea kutafuta mawe. Nilitaka kuondoka.

"Unatakiwa ufikishe harusi ngapi?"

Sita, nikasema.

"Basi Baba Deo amemaliza zake. Hizo tatu tafuta mwenyewe, Mama Sofia."

Nikacheka. Akanisogezea ungo ukae kati yetu. Mchele wa Dakawa, mzuri, ila una mawe. Tumechambua mpaka umeisha.