Mti Ambao Baba Hakuukata

Manyoni, 9 Februari 2025

Baba,

Shikamoo. Mama naye mfikishie shikamoo yake, na uniambie mguu wake ukoje, usiseme tu "anaendelea". Mimi ni mzima, ila sijatulia. Barua hii nimempa Dorkas, anakuja kwao hapo Mtinko kutibiwa jino. Simu hapa shuleni ni marufuku, unajua.

Jana klabu yetu ya mazingira ilipelekwa Mnarani. Ndiyo, kule kulikokuwa kituo chako cha simu. Siku hizi ni hifadhi, ina geti na njia ya miguu iliyopangwa mawe pembeni. Mnara umebaki nusu, na kutu tele. Dishi kubwa limelala chini, limejaa maji ya mvua, nyuki wanakunywa humo. Nyumba ya mitambo ni ya popo. Anayetembeza wageni, kaka mmoja anaitwa Derick, alisema msitu ulipona kwa sababu ya ua wa seng'enge. Ng'ombe na wachoma mkaa hawakupata pa kupita.

Halafu tukafika kwenye mti mmoja mnene, mbele kabisa ya mnara. Derick akasema, "Huu ndio ulioua simu. Fundi alikuwa mtu wa kulala, kufyeka kukamshinda. Mti ukaziba mawimbi, Itigi nzima ikawa kimya." Wenzangu wakacheka. Joshua akaongeza kwamba fundi huyo lazima aliajiriwa na mjomba wake.

Baba, na mimi nilicheka. Jina halikutajwa, hakuna aliyenitazama, ningeweza kunyamaza tu kama ninavyonyamaza darasani. Nikacheka. Tangu jana chakula hakishuki.

Wewe ulituambia kazi iliisha kwa sababu teknolojia ilibadilika. Sasa hifadhi inataka kibao cha maelezo pale kwenye mti, kwa Kiswahili na Kiingereza, na Mwalimu Kefa amenipa mimi niandike maneno yake. Anayataka tarehe 21 Machi. Ni kweli ulilala?

Mwanao,
Loyce


Manyoni, 2 Machi 2025

Baba,

Shikamoo tena. Dorkas amerudi na karanga za mama, namshukuru. Barua hakuja nayo. Anasema uliisoma ya kwangu umesimama, ukaikunja, ukaenda shambani bila jembe.

Kama nimekukosea, niambie nimekukosea. Huku kukaa kimya kwako sikuwezi. Nimeanza kuandika kibao mara nyingi. Kwa Kiswahili niliandika "fundi mzembe", mkono ukakataa, nikafuta. Kwa Kiingereza niliandika hivyo hivyo na sikusita hata kidogo, na hicho ndicho kinachonitisha. Kwa Kiingereza unakuwa mtu nisiyemjua.

Zimebaki wiki mbili na siku chache.

Mwanao,
Loyce


Mtinko, 12 Machi 2025

Mwanangu Loyce,

Marahaba. Mguu wa mama yako umepungua uvimbe, jana alifika bombani mwenyewe. Alizeti imesimama vizuri. Nisamehe kwa kuchelewa. Barua hii nimeiandika mara tatu, mbili za kwanza niliwashia jiko.

Sikulala. Kituo chetu kilitazamana na mnara wa upande wa Itigi, na katikati hakikutakiwa kitu. Kila mwaka kabla ya mvua tulikuwa tunafyeka. Mwaka uliozaliwa wewe nilichelewa, nikapanda kilimani na shoka mwezi wa kwanza. Juu kwenye ule mti kulikuwa na tundu limezibwa kwa udongo, umeachwa ufa mdogo. Ndani alikuwemo hondohondo jike. Akitaka kutaga anajifungia humo, na dume analeta chakula kwenye ufa mpaka makinda wakue.

Na mama yako alikuwa ndani na wewe, siku arobaini hazijaisha. Mimi ndiye niliyekuwa nampelekea uji. Nikaliweka shoka chini. Nilisema nitaukata ndege akitoka.

Kama ningeishia hapo nisingekuwa na la kuficha. Lakini niliingia ofisini nikaandika kwenye daftari la zamu: njia imefyekwa. Mvua ikakolea, mti ukajaa majani, simu zikakatika siku nne. Wenzangu walifungua mitambo yote kutafuta tatizo, kwa sababu daftari langu lilisema nje ni kweupe. Nilikuwa nawashikia tochi. Siku ya nne ndipo niliposema. Matawi yakakatwa, shina likaachwa. Ndege alikuwa ameshatoka. Nikafukuzwa, na ilikuwa haki. Teknolojia ilibadilika kweli, lakini baadaye, mimi nilishaondoka.

Sijui ni nani alipiga hospitali siku zile akakosa. Sikuwahi kuuliza.

Kucheka kwako nimekusamehe. Ila usinisafishe. Andika yote au usiandike.

Baba yako


Manyoni, 23 Machi 2025

Baba,

Shikamoo. Sasa nakula.

Niliandika hivi: "Fundi Mazengo alitakiwa kuukata mti huu. Hakuukata, kwa sababu ndani alikuwemo ndege aliyejifungia na makinda yake. Akaandika kwamba ameukata. Simu zilikatika siku nne, na watu waliohitaji msaada hawakusikika. Mti bado upo." Kiingereza chake kilinichukua siku mbili, nilitaka uwe mtu yule yule.

Mwalimu Kefa alitaka nitoe habari ya daftari, akasema wageni hawaji kutembea ili wasikitike. Kisha akauliza, mbele ya klabu nzima, nimeyatoa wapi haya. Nikasema, "Fundi huyo ni baba yangu, na mimi ndiye mtoto ambaye mama yake alikuwa anapelekewa uji." Huo uji hawakuuelewa, ikabidi nieleze yote. Joshua alikuwa anatazama viatu vyake. Mwalimu akaacha maneno yalivyo.

Jana tulikipigilia kibao. Derick alinishikia ngazi. Baba, tundu lipo, na limezibwa. Tulikaa mpaka dume akaja na panzi mdomoni.

Tarehe 12 Aprili wazazi wanaruhusiwa kutembelea. Hujawahi kuja. Uje.

Mwanao,
Loyce


Mtinko, 30 Machi 2025

Loyce,

Marahaba, mama. Nitakuja. Usimwambie Derick ni nani anakuja. Nataka nisimame pale nikisome kibao kama mgeni mwingine, mpaka mwisho. Halafu unionyeshe tundu, macho yangu hayafiki tena mbali.

Kama ndege bado yuko ndani, tutaongea kwa sauti ya chini.

Baba yako