Nanjala, Yuko Wapi Wakili wa Bima Uliyemlipia?

Nanjala mjukuu wangu,

Washa hiyo simu! Mwanamke mzima, mwenye leseni na gari lake, anatorokea kwa shangazi yake Kitale kwa sababu ya karatasi ya korti? Aibu. Hata kuku akifukuzwa hupiga kelele. Wewe umenyamaza ji, ukaniachia mimi mlango wa kugongewa. Barua hii nimemwambia Rebeka wa mlango wa tatu aiweke kwenye kikundi cha simu cha akina mama wa mtaa wetu wa Mbotela, isomwe na kila mwenye gari. Shangazi yako naye yumo humo. Atakusomea kwa sauti.

Unakumbuka siku ulipolileta hilo gari? Dogo, jeupe, la kubebea keki zako za harusi. Nililizunguka kama mtu anayenunua ng'ombe, nikapiga gurudumu teke, nikakuambia sawa. Tukaenda pamoja kwa yule ajenti wa bima karibu na Jogoo Road. Akasema kuna bima ya lazima, halafu juu yake unaweza kuongeza kipande cha wakili: ukishtakiwa au ukitaka kushtaki kwa mambo ya barabarani, kampuni inakutafutia wakili na kumlipa yeye. Nikasonya. Nikamwuliza, "Mtu mwema anataka wakili wa nini?"

Akacheka, akaniita nyanya kama vijana wa Nairobi: "Shosho, mtu mwema ndiye hushtakiwa sana."

Wewe ukaniambia mimi nyanya yako, "Kukhu, wacha nilipe tu. Hii ni Nairobi."

Ukalipa. Akakupa kijitabu, na hakukufungulia hata ukurasa mmoja. Alisifu kitenge changu kwa muda mrefu kuliko alivyokueleza masharti. Mtu anakuuzia dawa na hakuambii inamezwa au inapakwa!

Halafu ikaja ile Jumamosi ya mtaa wa Pipeline. Mimi nimekaa mbele, keki ya watu imetulia mapajani pangu, wewe unaendesha polepole kama nilivyokuambia. Yule wa bodaboda akachomoka katikati ya magorofa, upande usio wake, akatujia usoni. Puu! Yeye chini, mguu umevunjika, anapiga mayowe. Mimi krimu mpaka kidevuni. Watu wakajaa.

Ukatoa simu. Ulitaka kupigia bima, na sasa najua hiyo ndiyo ilikuwa akili. Mimi nikakupiga kofi mkononi. "Unapiga simu na mtoto wa mtu analia chini? Nani alikulea?"

Nilikulea mimi. Ulipokuwa darasa la pili ulivunja kioo cha dirisha la jirani. Nilikukokota kwa sikio mpaka mlangoni pake, ukasema umekosa, akakupa chapati, yakaisha. Hivyo ndivyo tulivyoishi katika nyumba hizi za kaunsili. Unakubali kosa, mnasalimiana, kesho mnachotea maji bomba moja. Nilidhani Pipeline ni mlango wa jirani.

Kaka yake yule kijana akasema, "Shosho, tuandikiane tu. Polisi watatusumbua bure." Mtu akachana karatasi ya daftari. Mimi ndiye niliyekutajia maneno, neno kwa neno: "Mimi Nanjala nimemgonga ndugu huyu kwa makosa yangu na nitasimamia matibabu yake."

Ukaninong'oneza, "Kukhu, lakini yeye ndiye amekuja upande wangu."

Nikakuambia, "Andika. Maneno hayavunji mfupa."

Ukaandika. Nikatia sahihi ya shahidi, tena kwa madaha, kwa sababu darasa la nne nilifika na jina langu naliandika vizuri. Tukampeleka hospitali. Siku tatu nilimpelekea uji wa wimbi kwa kikombe changu mwenyewe. Kumbe anakunywa uji na kaka yake yuko kwa wakili! Karatasi ya korti ilipokuja, kijana anakudai fidia, na nyuma yake imebandikwa nakala ya ile ya daftari, na chini kabisa jina langu, zuri, limenyooka.

Tulipofika ofisi ya bima, yule dada wa kaunta hakuacha hata kutafuna chingamu. "Hamkuripoti polisi. Na mteja amekiri kwa mkono wake. Kipande cha wakili hakisaidii hapo." Kama anayekuambia maziwa yameisha. Tukatoka. Kesho yake ukapanda basi la Kitale.

Sasa sikiliza. Nimemwomba Rebeka, yeye hupiga chapa kwenye ofisi ya wakili, anisomee kile kijitabu. Maandishi yenyewe kama mayai ya chawa. Neno lenyewe limo: usikiri, usiahidi, usitie sahihi chochote kabla ya kutuambia. Limefichwa karibu na mwisho, mahali pa watu wasiotaka lisomwe. Kampuni inayofungua kitabu chake siku ya kukukatalia tu ni chafu, na sitalainisha neno hilo.

Akina mama wananiuliza hapa, "Kukhu, tulipe hicho kipande cha wakili ama tuache?" Nawajibu hivi. Lipa, kama kitabu umesomewa mpaka mwisho na nambari yao iko kwenye simu yako kabla hujawasha injini. Kama hutasoma, na ukigongana utakimbilia kuandikiana kando ya barabara kama sisi, usilipe. Utakuwa umenunua mwavuli ukamwachia muuzaji. Mtu aliyeumia mpe pole, mpe maji, mpeleke hospitali. Pole sijaijutia na sitaijutia. Kalamu ndiyo nimeijutia.

Na kuna jambo hulijui. Juzi nilirudi Pipeline kwa miguu yangu hii mibovu. Nikamkuta mama anayechemsha mahindi pale tulipogongana. Nikamwuliza kama aliona. Akaniangalia vile unavyomwangalia mtu mpumbavu. "Niliona yote. Kijana alitoka upande usio wake. Lakini nyinyi mlikuwa na haraka ya kuandika, ningewaambia saa ngapi?" Amekubali kuja kusema hivyo mbele ya hakimu.

Nanjala, tangu babu yako aliyefanya kazi reli alipokufa sijawahi kumwambia mtu kwamba nimekosa. Wewe hukukosa barabarani, na hata ile karatasi si yako, ni yangu. Nyumba imekuwa kimya na tanuri lako limepoa. Nakukasirikia, na kila asubuhi bado namimina chai vikombe viwili.

Siku za kuijibu korti zinaisha Ijumaa. Usipojibu, watampa yeye ushindi bila kukusikiliza, bima ikimlipa itakudai wewe, na gari litakwenda, na kazi yako itakwenda nalo. Kwa hiyo Jumatano panda basi la asubuhi. Njoo na leseni, na zile picha za gari ulizopiga siku ile. Alhamisi tunaanza ofisi ya bima: kama wanakataa kukupa wakili, wakatae kwa maandishi, watie na muhuri, tujue pa kuwashtaki. Kutoka hapo Rebeka anatupeleka kwa mwajiri wake, jibu lipelekwe kortini kabla ya Ijumaa. Siku ya kesi mimi ndiye nitakayesimama mbele niseme nani alitaja maneno ya ile karatasi. Wewe utakaa kimya mpaka uulizwe, na ukiulizwa utasema ulichokiona kwa macho yako, si nilichokuambia mimi.

Ni mimi niliyekulea,
Kukhu wako