Kiti cha Pembeni

Solveig mdogo wangu,

Huko Malmö mmeamkaje? Huku Luleå theluji imefika magotini na mimi mdomo bado ninao. Nimerudi kutoka visiwa vya Kanari. Jua zuri, ila kahawa yao kama maji ya kusuuzia vikombe, sirudi tena. Juzi kwenye basi, viti vitupu tele, mwanamume akaja kukaa pembeni yangu kabisa. Nikajisemea, huyu ama mlevi ama mgeni. Mtu mzima anajua kiti cha pembeni ni cha mkoba. Nikashuka vituo viwili kabla, nikatembea.

Jikoni shuleni bado tunapika supu ya njegere kila Alhamisi. Jana Torbjörn mpishi akaniuliza, "Marita, leo vipi, redio imeisha betri?" Nikamwambia, "Menya vitunguu wewe."

Ni kwamba ile picha ya matiti niliyopigwa hospitali, wameniita tena. Barua inasema wameona kitu kwenye titi la kushoto, wanataka kunichoma sindano wakichunguze, Alhamisi ijayo saa nne. Nimeibandika kwenye friji, halafu nikaifunika kwa picha ya watoto wako. Mama naye walianza kumwita hivi hivi.

Supu watapika bila mimi. Hospitali ni mbali, basi dakika arobaini. Najua treni yako ni siku nzima, na mimi ndiye niliyekuwa nasema kila mtu abebe lake. Lakini njoo. Mkoba nitaupakata.

Dada yako,
Marita