Matumbawe Yamechipua Rumonge

Rumonge, Burundi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, goti limetulia, na dada Rehema hajachoka kukukanda. Mimi ni mzima, na safari hii siandiki hivyo kwa adabu tu. Nimenenepa mpaka Bakari ameona, na mkweo unamjua, ningenyoa nyusi zote asingegundua. Naandika kwa sababu simu hukatika kila nikifika penye maneno ya maana. Shemeji Hamza anakuja Tanga kununua vitenge, ndiye nimempa barua hii.

Katika barua yako ya mwisho uliniambia nirudi. Ulisema ndoa si jela, na mtu aliyekulia Pangani hawezi kumaliza umri wake mahali ambapo maji hayana chumvi. Niliikunja barua nikaitia begini. Lile tangi la viumbe wa baharini, ambalo Bakari alilinunua ili nisiikose bahari, kwa mzungu aliyekuwa anahama Bujumbura, lilikuwa linakufa mbele ya macho yangu. Nilikuwa nimeshajiambia moyoni kwamba matumbawe yale yakifa, nami nafunga begi. Bakari sikumwambia.

Matumbawe, Mama, hayataki mchezo. Yanachukua chokaa iliyoyeyuka majini ndipo yajenge mifupa yake. Mzungu alituachia magunia ya chumvi ya kutengenezea maji ya bahari, kichupa cha chokaa ya majimaji, na vichupa vya dawa ya kupimia. Unachota maji kidogo, unadondosha dawa tone kwa tone mpaka rangi igeuke, ndipo unajua maji yana magadi kiasi gani. Sasa sisi chumvi ile tuliikoroga kwa maji ya ziwa. Nani hapa angefanya vingine? Watu wa Rumonge wanajivunia ziwa lao kuliko mawese yao. Mgeni akiingia, hata hajaketi, anapewa glasi ya maji aone yalivyo safi. Na tangi likipungua kwa joto, mama mkwe mwenyewe alikuwa analijaza kila asubuhi kwa dumu lake la manjano, bidoni wanavyoliita huku, kwa mapenzi kabisa.

Vikonyo vya matumbawe vikaanza kuwa vyeupe na kumomonyoka. Maji yakawa na ukungu, kama mtu kamwaga unga. Nilipopima, nilidondosha dawa weee, rangi haigeuki, nikasema basi dawa imeharibika. Nikaongeza chokaa ya kichupa, ukungu ukazidi. Nililia jikoni ili mtu asinione.

Halafu siku moja nilikuwa nasugua birika la mama mkwe kwa ndimu. Ndani lilikuwa na ukoko mweupe, mgumu. Nikaacha kusugua. Ukoko wa namna ile ile nilikuwa nimeukwangua kwenye pampu ya tangi jana yake. Nikachota maji ya ziwa matupu, nikayapima, nikadondosha mpaka mkono ukachoka. Nikapima maji ya mvua yaliyokuwa kwenye beseni uani, na tone la kwanza tu likageuza rangi. Dawa haikuwa na kosa. Maji ya ziwa hili yana magadi mengi ya asili, na magadi yakizidi yanaikamata chokaa na kuiangusha chini kama unga. Matumbawe yangu yalikuwa yanakufa njaa katikati ya chakula.

Kazi ikawa kumwambia mama mkwe.

“Maji ya ziwa iko na makosa gani?” akaniuliza, bidoni mkononi. “Bakari alikunywa hiyo tangu iko mutoto. Yeye iko mugonjwa?”

“Hapana, Mama. Kwa watu ni mazuri, na kwa samaki wa huku ni mazuri. Lakini haya yangu yamezaliwa baharini.”

“Basi kitu ya bahari haiwezi ishi huku, mukazana. Wacha kujisumbua.”

Mukazana ndivyo wanavyomwita mke wa mtoto wao. Hakusema kwa ubaya, lakini iliniuma sana, maana ndiyo hayo hayo uliyoniandikia wewe.

Nikakaidi. Unajua nikikaidi ninavyokuwa. Nilifunga turubai jipya uani juu ya miti, nikatega pipa chini yake. Majirani walikuja kutazama mwanamke mwenye ziwa mlangoni anayekinga mvua. Walicheka mpaka wakakaa chini, na mmoja alisema huyu Mutanzania atakinga na jua. Nikakoroga chumvi kwa maji ya mvua, nikawa nabadilisha maji ya tangi kidogo kidogo kila siku, matumbawe yasije yakashtuka. Ukungu ukaisha. Vikonyo vikarudisha rangi, kimoja baada ya kingine. Bakari alirudi kutoka Kizuka kununua mawese, akachutama mbele ya kioo na viatu vyake vya matope, akasahau hata kuomba chakula.

Sasa nikueleze kuhusu lile kopo la chokaa ya tambuu nililokuomba kwa simu mwezi ule. Najua ulidhani nimeanza kutafuna, na najua umeshamwambia Rehema. Sitafuni, Mama. Matumbawe yalipopata nguvu yalianza kula chokaa haraka, na chokaa ya kichupa ikaisha. Nikakumbuka yako, nyeupe, safi, isiyochanganywa na kitu. Naikoroga kwenye maji ya mvua, naacha itulie, yale maji maangavu ya juu nayadondosha tangini polepole kwa mpira wa dripu ambao Bakari aliuomba kwa muuguzi. Kila asubuhi napima, na kila asubuhi rangi inageuka pale pale ninapotaka. Mama, nimeweza. Naandika tena ili niione: nimeweza. Tumbawe la zambarau limetoa vikonyo vipya pande zote, na jingine limetambaa likashika jiwe la pili.

Juzi nilikuwa ndani nafua nikasikia naitwa uani kwa sauti ya amri. “Mukazana, mvua iko inakuja toka upande ya Kigwena. Kuja tukaze turubai mbio, unangoja nini?” Alikuwa mama mkwe, ameshapanga masufuria yake yote mstari mmoja. Ijumaa alileta wanawake wenzake watazame tangi, na mmoja alipouliza kama kweli vitu hivi vinaweza kuishi huku, alimjibu, “Hauna macho? Iko inazaa.” Nilisimama nyuma yao nikiwa na sinia la chai, na kikombe cha kwanza nikampa yeye.

Nisalimie dada Rehema na mumewe fundi baiskeli, na shangazi wa sokoni anayekuchagulia majani ya tambuu, mwambie chokaa ni kwa matumbawe. Mama mkwe anakusalimu, na Bakari anasema shikamoo.

Rehema aliniambia kwamba kila wiki unafua shuka za kitanda changu na kukitandika upya. Asante, Mama. Sasa kile chumba mpe Zuhura, binti wa Rehema, alale humo. Siku nitakayokuja kuwatembelea nitakuja na mume wangu, na sisi wageni mtatutandikia sebuleni.

Mwanao akupendaye,
Mwanaisha