Maximilla ametoa mji

Phanice, uko? Maximilla wetu amejimaliza.

Alirekodi vitendawili vya podikasti ya kanisa, akasahau kuzima simu. Akaanza kuniambia ugali wa mkwewe, mama wa mke wa mwanawe Cleophas, hata kuku aliukataa. Kuku, Phanice! Kanisa likaiweka mtandaoni yote.

Leo mkwe katoka Busiu mpaka mlangoni kwa Maximilla, hapa Namakwekwe, Mbale. Hakusalimu. Hakusalimu, nakwambia!

“Kitendawili.”

Maximilla: “Tega.”

“Ugali wangu kuku anaukataa, mgeni anamaliza sahani mbili. Mgeni nani?”



“Nimeshindwa, mama.”

“Nipe mji.”

Akampa Busiu.

“Huko ni kwangu.”

Akampa Mbale. Mkwe akapokea, akaketi, akaagiza chai.

Maximilla yuko kwenye teksi, anakuja kwako Jinja. Tandika kitanda.