Mashine ya Wembe ya Baba Haiji Huko

Nyumba ya Kona,
Nyuma ya Kiwanda cha Sabuni.
Jumapili, tarehe 12 Julai.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hujambo lakini? Na wifi yangu, lile jino lake limepona au bado anatafunia upande mmoja? Natumaini baridi ya huko imewaachia kidogo, na kwamba unalivaa lile sweta nililokufumia, hata kama mkono mmoja ulitoka mrefu kuliko mwenzake. Sisi huku hatujambo. Magoti yananisumbua nikikaa sana kwenye cherehani, lakini tumeshazoeana. Mapacha wanarefuka hadi nimechoka kushusha pindo za suruali zao, na shemeji yako anakoroma kama kawaida. Baba yu salama. Habari zake ni ndefu kidogo, nitazifikia, usiwe na haraka.

Haya, tuje kwenye ombi lako. Nakujibu mapema ili usiisome barua hii roho juu: mashine ya wembe ya Baba haiji huko. Wala usimtume Shangazi kunibembeleza tena, maana nimekataa na nimekataa kabisa. Sasa kaa vizuri usome sababu, na ukitaka kununa, nuna ukifika mwisho.

Kile kitabu chako cha picha kilifika salama. Mwanzoni nilicheka hadi uzi ukachomoka kwenye sindano. Jamani! Watu wazima, wenye wake na mvi, wanakutana Jumamosi kuonyeshana mashine za kunyolea ndevu! Wanazigeuza, wanazinusa, wanabishana ipi ina mpini mnene na ipi ina kichwa kizuri. Nikamwambia shemeji yako, huyu ndugu yangu ama amepata chama kizuri, ama baridi imempanda kichwani.

Lakini nilivyoendelea kusoma nikaanza kuwaelewa. Kitu cha chuma, kizito, kinachotulia mkononi. Wembe ukiisha makali unatupa wembe peke yake, mashine inabaki, si kama haya maplastiki tunayonunua leo na kutupa kesho. Nimejua sasa kwamba vile viherufi chini ya kichwa vinaonyesha ilitengenezwa lini, na kwamba ikiwa na kisanduku chake cha mwanzo hadhi inapanda. Nimeuona pia ule mstari ulioupigia wino mwekundu: mashine ya zamani isisuguliwe asilani, maana rangi yake ya dhahabu ni utando mwembamba tu juu ya shaba. Ukumbuke mstari huo, tutarudi kwake.

Na usidhani wazimu huo uko huko kwenu tu. Kinyozi wetu wa mtaani, yule tuliyekuwa tukimwita Mikasi, ameweka kabati la kioo dukani na ndani yake amepanga mashine za zamani kama vito. Vijana wanapanga foleni wanyolewe kwa kitu walichokuwa wanawachekea babu zao. Yupo na daktari wa meno wa barabara ya juu, anazikusanya kwelikweli. Alisikia habari za ya Baba, akaja hadi nyumbani na kioo chake cha kukuzia. Alipozungusha kifundo cha chini ya mpini na vile vijilango viwili vya juu vikafunguka, nusura aibusu. Nilimpa chai na kumwambia haitoki.

Sasa nikueleze kwa nini haitoki.

Unamjua Baba alivyokuwa. Miaka yote ya kiwanda cha uchapaji, hakuna asubuhi aliyotoka hajanyoa. Alikuwa akisema mtu anayeshika karatasi nyeupe kutwa hawezi kwenda kazini na uso mchafu. Unakumbuka tulivyokuwa tukisimama mlangoni kumtazama mbele ya sinki, amejaa povu hadi masikioni, naye anajifanya hatuoni?

Tangu kiharusi, mkono wa kulia ukawa kama si wake. Shemeji yako, Mungu ambariki, alikuwa akimnyoa kwa plastiki. Baba alikuwa akigeuzia uso ukutani kabla hata ya povu kukauka. Kioo alikikataa. Wageni aliwakataa. Wakija rafiki zake wa kiwandani anafumba macho, nami nalazimika kuwaambia amelala, huku wote tunajua hajalala. Hilo ndilo lililokuwa likiniuma kuliko ugonjwa wenyewe.

Yule dada wa mazoezi ya viungo alimletea mpira mdogo wa kufinya. Baba aliufinya siku mbili tatu, halafu akautupa kwa mkono wa kushoto ukatumbukia kwenye ndoo ya unga. Dada wa watu hakukasirika. Alisema, mtafutieni kitu ambacho mkono wenyewe unakitaka. Basi nikahangaika. Nikampa kijiko, nikampa funguo, nikampa hata mkasi wangu wa kitambaa, ambao unajua hauguswi na mtu. Wapi! Ndipo nilipofungua droo nikaona mashine. Nikatoa wembe, nikamwekea kiganjani, nikamkunjia vidole.

Mdogo wangu, kidole gumba kikaenda chenyewe kwenye kifundo. Pole pole, kinatetemeka, lakini kikazungusha. Milango ikafunguka. Akazungusha tena, ikafunga. Akanitazama kama mtu aliyekuwa akinisubiri siku nyingi na mimi nimechelewa. Nililia hapohapo, sikufichi.

Tangu siku ile hayo ndiyo mazoezi yake. Kila asubuhi anafungua na kufunga, anafungua na kufunga, hadi uji unapoa. Kwa hiyo ombi lako lilipokuja, eti niifunge kwenye pamba niitume ikaonyeshwe mbele ya chama, nilikasirika sana. Nilisema huyu anataka kuuchukua mkono wa baba yake akauweke kwenye kabati la kioo. Nisamehe, nilisema hivyo hivyo, na kwa sauti.

Shangazi alikuwa upande wako. Alisema wewe uko mbali, huna kitu cha baba yako hata kimoja, na mimi niliyebaki naye nina kila kitu na bado nina choyo. Neno hilo lilinikaa rohoni. Nilijibu kwa ukali, lakini nikikata vitambaa nilikuwa nalisikia.

Basi unamjua Shangazi, akishaamua jambo haulizi mtu. Nilipotoka kupeleka sare za shule, akaichukua mashine ili aiandae kwa safari. Kitabu chako kiko mezani, lakini yeye kusoma bila miwani hawezi, na miwani hataki kwa sababu eti inamzeesha. Alitaka ifike huko inang'aa, isije ikaaibisha ukoo mbele ya wageni. Akaichemsha kwenye siki. Akaipaka mchanga. Halafu, ndugu yangu, akachukua waya wa kusugulia masufuria, akajifungia jikoni nayo.

Niliporudi nilimkuta sebuleni na daktari wa meno, maana alimwita mwenyewe aje kushuhudia kazi yake. Baba yuko kwenye kiti chake pembeni. Daktari ameweka kioo jichoni, anageuza mashine huku na huku. Ile dhahabu yote haipo. Imebaki shaba iliyochubuka, kama kitasa cha mlango wa stoo.

"Mama," akasema, "hii ilikuwa ya dhahabu."

"Si nimeiosha tu?" Shangazi akajibu.

"Umeiosha hadi ikafa."

Shangazi akashika kichwa. Alipoelewa kwamba hata chama chako hakitaitaka tena, akajifunika uso kwa mtandio akaanza kulia kwa kwikwi, na mimi, badala ya kumgombeza kama nilivyokusudia, nikajikuta nimemshika bega. Daktari ameshika tama.

Ndipo tuliposikia sauti. Baba alikuwa anacheka! Anacheka kwa upande ule mmoja wa mdomo, mabega yanaruka, machozi yanamtoka. Halafu akanyoosha mkono, na si wa kushoto, mdogo wangu, wa kulia. Daktari akaweka mashine kiganjani mwake bila kuuliza. Baba akazungusha kifundo, milango ikafunguka, na kwa mkono wa kushoto akaonyesha rafu. Kwenye rafu kuna pakiti ya nyembe.

"Atajikata!" Shangazi akapiga kelele, machozi hata hayajakauka.

Niliogopa kuliko yeye. Lakini nilimtazama Baba, nikamwona akinisubiri tena kwa macho yale yale, nikapiga moyo konde. Nikaweka wembe. Nikaleta beseni la maji ya moto, nikakoroga povu kwa brashi yake, nikampaka. Nikashika kioo. Mkono wake sikuushika.

Alianza shavu la kulia. Alikwenda kidogo, akapumzika, akaenda tena. Ile sauti ya wembe kwenye ndevu, krrr, krrr, nilikuwa nimeisahau. Kidevuni alijikata, damu ikatoka, nikanyoosha mkono kumnyang'anya mashine naye akausukuma kwa kiwiko. Maji yalipoa, nikabadilisha, yakapoa tena. Daktari wa meno alikuwa na wagonjwa wanamsubiri, lakini hakuondoka. Baba alipomaliza, mashavu yake yalikuwa na viraka na shingo sikumruhusu kuigusa, lakini alikiomba kioo kwa ishara, akajitazama muda mrefu. Kisha akataka apelekwe barazani. Alikaa pale hadi adhuhuri akiwapungia wapita njia kama diwani mpya.

Sasa ananyoa mwenyewe kila siku. Shingo namfanyia mimi, na yeye ananisimamia kwa kidole, nikikosea ananigonga. Rafiki zake wa kiwandani wamekuja, akawapokea macho wazi. Kwa hiyo unaona, si choyo. Kama ningekuwa na mashine kumi ningekupa tisa, lakini hiyo haina nafasi kwenye kabati la mtu, ina kazi.

Hata hivyo neno la Shangazi halikunitoka. Nikajifunga kibwebwe, nikaenda soko la vitu vikuukuu, nikarudi tena na tena, nikipekua makopo ya bawaba na misumari hadi wauzaji wakaniita Mama Wembe. Nimeipata! Ni ndugu kabisa na ile ya Baba, ya milango miwili, dhahabu yake bado ipo, ila mlango mmoja ni mzito kufunguka. Kisanduku hakikuwepo. Daktari wa meno aliitazama akaanza kunirai, nikamwambia hii ina mwenyewe, yuko mbali. Ndiyo hiyo iliyomo kwenye kifurushi, ndani ya soksi ya pacha mmoja. Shangazi nimemkataza hata kuiangalia.

Kabla ya kuifunga nilimpa Baba aishike. Aliizungusha kwa mkono wake wa kulia, akaufungua ule mlango mzito na kuufunga, mara nyingi. Povu lilikuwa halijamkauka vidoleni. Ukiielekeza kwenye mwanga utaona alama ya kidole gumba chake kwenye mpini. Wape wenzako waione Jumamosi, wabishane wanavyotaka, lakini nakuomba usiisugue.

Mapacha wanakuamkia na wanauliza kama huko wajomba wote hukusanya vitu. Shemeji yako anakusalimu, anashukuru kupumzishwa kazi ya unyozi. Shangazi anakusalimu sana, anaomba umsamehe, na ameanza kuvaa miwani jikoni. Msalimie wifi, mwambie jino asilidharau. Mungu awalinde mtokapo na mwingiapo, awape afya na kazi ya mikono isiyokoma, na atukutanishe tungali tunatambuana.

Nilitaka kufunga bahasha nikaona si haki bila neno la Baba. Unajua tangu augue hasemi zaidi ya ndiyo, hapana, na jina la Mama. Nilimwinamia nikamwambia, mwanao ameiomba mashine yako, nimjibuje? Alikuwa mbele ya sinki, shavu moja tayari, la pili limejaa povu. Alihangaika na ulimi, nikamngoja. Naandika kama alivyotamka:

"Mwambie... bado... naitumia."

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ninapokunyima,

Mama Mapacha.